Mama wa Machozi na Mama wa Ufagio

"Hajalia hata tone," mshonaji aliniambia, pini amezibana mdomoni. "Kamzika binti yake wa pekee, karudi, kavua viatu, kashika chaki. Sasa huyo ni mtu au ni ukuta?"

Nilikuwa nimempelekea gauni langu alitanue, maana tangu nijifungue halinifungi. Mwanangu alikuwa anaota meno na ananitafuna bega, nikapata kisingizio cha kuondoka.

Aliyesemwa ni Mwalimu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alistaafu zamani, lakini chumba chake cha mbele amekiwekea mabenchi mawili na ubao, na jioni huja watu wazima wanaorudia mtihani wa fasihi. Wao kwa wao humwita Mama Mstari, kwa sababu kabla hajatamka neno huchora mstari wa chaki katikati ya ubao, kutoka juu hadi chini. Kushoto anamweka mhusika wa kitabu kimoja, kulia anamweka wa kitabu kingine. "Haya, waangalieni," husema. "Wanafanana wapi, wanaachana wapi?"

Mimi niliishia shule ya msingi. Fasihi nimeisikia kupitia ukuta ule, nikikunja nepi.

Ana riwaya mbili za zamani ambazo watahini hawazichoki. Katika ile ya jalada la kijani, mama anapoteza mwanawe mtoni. Anajitupa chini, anaita jina, analia kurasa nne nzima. Katika ile ya jalada jekundu, mama anatoka kumzika mtoto wake, anachukua ufagio, anafagia uwanja hadi giza linaingia, wala hasemi na mtu. Majibu yake nilikuwa nimeyakariri bila kukusudia: wa kijani, upendo wa mama; wa jekundu, moyo mgumu. Ndivyo mwongozo wa kusahihisha unavyotaka. Ukiandika vingine, umekosa.

Siku hiyo ya maneno ya mshonaji nilijaza chai kwenye chupa, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikabisha hodi kwa Mwalimu. Kumbe wanafunzi wameshaketi. Walikuwa wawili tu, msusi na mlinzi aliyekwisha kuvaa sare yake ya kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama mtoto. Kaa hapo mwisho."

Alichora mstari wake. Ulinyooka kama siku zote. Kushoto akaandika MACHOZI, kulia UFAGIO.

"Tuanze na mlinzi, kabla hajaenda kulala kazini."

"Silali, Mwalimu, napumzisha macho."

"Na mdomo unaupumzisha lini?" msusi akamchokoza.

Mlinzi akajikohoza. "Huyu wa kijani kalia kurasa nne. Machozi yale tungeyakinga kwa ndoo, mtaa mzima ungefua."

"Na wa jekundu?"

"Huyo hamna kitu. Moyo mgumu tupu. Umezika mtoto, unashika ufagio! Mama gani huyo asiye..."

Msusi alimkanyaga mguu. Nilimwona. Mlinzi akatazama kiatu chake, akamtazama msusi, kisha ikamwingia. Akavua kofia.

Mwalimu hakugeuka. "Endelea. Asiye nini?"

"Nimesahau, Mwalimu."

"Usisahau. Mtahini hatakuonea huruma."

Akainua chaki kuandika chini ya UFAGIO. Akaandika "moyo", halafu mkono ukasimama. Chaki ilibaki imegusa ubao, kama mtu aliyeitwa akiwa katikati ya kazi. Mwanangu akapiga chafya. Mwisho Mwalimu akasema, "Leo tuishie hapo," na wale wawili wakatoka wakipishana mlangoni, mlinzi akiuambia mlango, "Pole sana, Mwalimu."

Nilimmiminia chai. Nilipoinama kuweka kikombe ndipo nilipoiona sakafu. Saruji ilikuwa inang'aa kama sahani. Nyuma ya mlango ulisimama ufagio ulioliwa upande mmoja. Kumbe ile sauti ya kwaruza-kwaruza niliyokuwa naisikia ukutani mchana kutwa, nikidhani ni panya, ilikuwa hiyo.

"Wanasemaje huko nje?" aliniuliza.

"Wanakupa pole."

"Wewe kudanganya hujui. Mshonaji anasemaje?"

Nikajifanya nakaza kanga ya mtoto mgongoni.

"Ana haki. Nimejaribu, mwanangu. Nimekaa kitandani nikaishika picha yake, nikangoja. Hakuna kinachokuja. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unaona ni wako, lakini hausikii chochote. Ndivyo nilivyo."

Alikunywa chai. Ilikuwa ya moto sana, mimi mwenyewe nisingeweza, lakini yeye hakukunja uso.

"Binti yangu alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe," alisema. "Nilimfundisha pamoja na wenzake. Siku moja alisimama akasema, 'Mama, huyu wa ufagio kaumia kuliko yule, ila hana pa kuyaweka maumivu.' Nikamwambia, humu ndani mimi si mama, ni Mwalimu, na hilo halimo kwenye mwongozo. Akasema mwongozo umeandikwa na wanaume ambao hawajawahi kushika ufagio. Darasa likavunjika mbavu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamkata alama."

Alilisema kwa sauti ileile ya kuita majina ya mahudhurio. Nilitamani nimshike mkono, lakini kuna watu huwezi kuwashika hivi hivi. Nikauliza lililonijia.

"Kwani kitabu kinaishaje? Huyo wa ufagio, mwisho analia?"

"Kinaisha bado anafagia."

Akainuka, akachukua dasta, akalifuta lile neno "moyo". Upande ule ukabaki na UFAGIO peke yake, na chini yake weupe wa chaki iliyofutwa. Akalitazama pengo lile kwa muda, dasta mkononi, kama anayengoja mwanafunzi anyooshe kidole. Aliposimama hivyo, macho makavu kabisa, nilijua swali la mshonaji yeye alikwisha kujiuliza kabla yetu sote.

Ndipo meno yakamchoma mwanangu. Alilia kwa mwili mzima, miguu ikinipiga kiunoni, sauti ikijaa chumba. Niliona haya. Nikamshusha mgongoni haraka, nikaanza kumtikisa huku natafuta mlango.

"Samahani, Mwalimu, ngoja nitoke naye."

"Usitoke."

Alikuja akaketi kwenye benchi, karibu kabisa nasi, viganja vyeupe kwa chaki vimelala magotini. Alikuwa anamtazama mtoto mdomoni, mahali sauti inapotokea.

"Najua wewe ni mama, na najua inakukata maini," alisema. "Lakini nakuomba, mama mtoto, usimbembeleze kwanza. Mwache alie kidogo."