Shemeji wa Shomaji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata nikienda sokoni nakumbuka kitanda changu. Lakini dada yangu Rehema alijifungua mtoto wa pili huko Brussels, mama akataka mtu wa kwenda kumwona, na katika familia nzima mimi peke yangu sikuwa na kazi ya kuombea ruhusa. Isitoshe, nilikuwa na langu moyoni. Dada alishasema kwenye simu kwamba mumewe, Papa Furaha, "yuko shomaji", na kila mwezi pesa inaingia. Kampuni gani hiyo nzuri! Nikaondoka Kigoma na cheti changu cha kidato cha nne begini.

Uwanja wa ndege alinipokea shemeji mwenyewe, Mkongo wa Uvira. Ndani ya treni sikungoja.

"Shemeji, huko Shomaji hakuna nafasi ya mlinzi?"

Alicheka mpaka mama mmoja wa Kizungu akahama kiti.

"Chômage ni kukosa kazi, shemeji! Balifunga usine, kiwanda yetu, bakapeleka kazi mu inchi ingine. Alors, serikali inanisaidia, niko natafuta."

Kumbe! Basi na mimi niko Shomaji tangu nimalize shule, ila kwetu wamesahau kunilipa.

Nyumbani kwao, Koekelberg, nilielewa kwamba si jambo la kuchekwa. Msaada ule hupungua kadiri muda unavyokwenda, na shemeji alikuwa ameitwa kwenye usaili mmoja tu: ghala la matunda nje ya jiji, wanakosema Kiflamandi. Nchi yenyewe ndogo, ukisinzia kwenye treni unaamkia kwa jirani, lakini kazi inaombwa kwa lugha mbili. Jioni tukafanya mazoezi mezani.

"Shemeji, wewe ufanye patron."

"Bosi anafanya nini?"

"Anakaa tu, anauliza."

"Kukaa naweza."

"Hapo Mungu alikujalia," dada akadakia.

Nikasoma maswali nisiyoyaelewa, shemeji akatoa majibu nisiyoyaelewa, nami nikatikisa kichwa kwa uzito. Dada akasema nafanana kabisa na bosi wake.

Alhamisi nilimsindikiza. Nje ya ghala nilitazama malori: ndizi zinashushwa mlango huu, zinapakiwa mlango ule kwenda Ujerumani. Watu hawana mgomba hata mmoja, na wanauza ndizi! Sisi migomba tunayo mpaka uani, ndizi tunakula wenyewe.

Shemeji akatoka, kofia mkononi.

"Bananipa wiki moja ya kujaribu! Ule patron ameuliza ni nani anasimama inje mu baridi. Nikamujibu na Kiflamand: shemeji yangu, naye anatafuta kazi."

"Akasemaje?"

"Asema kama hajui Kiflamand, aendelee kusimama."

Nilirudi Kigoma wiki iliyofuata. Wakiniuliza uchumi wa Ubelgiji ukoje, nawaambia huko hata kazi ya wiki moja mtu anaisomea lugha. Kisha nawasimulia Jumatatu ile shemeji alipoanza kazi. Shemeji alitoka alfajiri. Furaha, binti yao mkubwa, alipoamka alimtafuta baba chumba hadi chumba, akaangua kilio. Nikainuka nimbembeleze.

"Mwache alie," dada alisema, anacheka huku anafuta macho. "Mwaka mzima kazoea kumkuta ndani."