Vumbi la Siku Thelathini

Mtu aliyehitimu masomo ya jioni Changamwe siku zile hakutembea, alielea. Cheti changu nilikitia fremu ya kioo nikakitundika ukutani, na nadhani nusu ya watu wa bara yote ya Mombasa walipita chumbani kukisoma, wakiwamo wasiojua kusoma. Kwa cheti hicho nikapata kazi katika kituo cha kupimia hali ya hewa karibu na uwanja wa ndege. Nikiacha kujisifu, kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha kadi.

Kadi zile zilikaa nyuma ya tufe la kioo, kubwa kama dafu. Jua likilipiga tufe, miale hukusanyika ikaichoma kadi mstari mweusi. Jua likififia, mstari hukatika. Kila jua likitua niliitoa kadi ya siku, nikaupima mstari, nikaandika jua limewaka kwa saa ngapi. Miezi michache baada ya kiwanda kimoja kuanza kazi upande wetu, nikaona jambo. Hata siku isiyo na wingu, kadi ilichelewa kuanza kuungua. Asubuhi anga ilikuwa nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi.

Shangazi yangu hakuhitaji tufe kulijua hilo. Alikaa Jomvu Kuu, mjane, na kazi yake ilikuwa achari ya ndimu. Wallahi, achari ile ingemfanya aliyekwisha kata roho aulize wali uko wapi. Ndimu na chumvi hukaa juani ndani ya vyupa kwa majuma mpaka ziive. Sasa kusi ikivuma, moshi na vumbi la kiwanda vilikwenda kwake moja kwa moja kama vimeagizwa. Ndimu zikawa zinaota ukungu kabla ya kuiva, na kifua chake hakikutulia. Bintiye aliyeolewa Mtongwe akamtaka ahamie huko.

"Niihame nyumba niliyoingizwa bibi harusi, niuachie moshi?" akaniambia. "Haiwi. Wewe si msomi? Waambie wakubwa zako."

Nikampelekea mkuu wa kituo, Mzungu mmoja mtaratibu, kadi za miezi yote. Akazitazama sana.

"Kadi zasema jua limepungua," akasema. "Hazisemi nani amelipunguza. Niletee vumbi lenyewe."

Akanipa bakuli la kioo la mdomo mpana. Liwekwe juu, mahali pa wazi, lisiguswe siku thelathini. Siku ya thelathini na moja angekuja yeye na injinia wa kiwanda, walione vumbi pale pale lilipoangukia, kisha likapimwe kwenye mizani. Likiwa jingi, kiwanda kitalazimishwa kufunga kichujio kwenye dohani yake ya moshi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya shangazi kubaki kwake, wala hapakuwa na nyingine.

Basi nikasimamisha nguzo uani kwa shangazi, nikaliweka bakuli juu, na nikafanya kosa ambalo mimi pekee ningelifanya: nikatoa hotuba. Nikamweleza chembechembe zinazoelea angani, ndogo hata elfu hukaa juu ya ukucha wa siafu. Nikamweleza zinavyoyarudisha mawinguni majeshi ya miale ya jua. Nikamweleza jinsi mlima wa moto ukilipuka huko mwisho wa dunia, majivu yake yanavyoweza kuwatia baridi watu wa mbali. Majirani walikuja, wakakaa. Nilizungumza mpaka kahawa ikapoa na kupashwa mara mbili.

"Mashaallah," shangazi akasema. "Na mimi nifanye nini?"

"Usiliguse siku thelathini."

"Tu?"

"Tu, shangazi."

Naye hakuligusa. Alifukuza kunguru kwa fimbo, akawakataza wajukuu kucheza uani. Kila nilipokwenda nililichungulia: sakafu ya bakuli imekuwa kijivu, kisha nene, ukiandika jina kwa kidole lasomeka. Nilifurahi kama mwenye shamba.

Siku ya wageni nilifika nao asubuhi. Ua umefagiliwa, mkeka mpya umetandikwa, sinia la mahamri limefunikwa. Na juu ya nguzo bakuli lang'ara, limejaa maji safi, asumini zikielea ndani.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni."

"Vumbi liko wapi?"

"Nimelimwaga jaani. Siku thelathini si zilitimia jana?" Akaniinamia sikioni. "Ati wageni wa serikali waje wakute chombo kichafu uani kwangu? Waseme mwanamke wa Jomvu hajui kuosha bakuli?"

Injinia alicheka mpaka akavua miwani. Akala mahamri matatu, akasifu achari, akamwambia mkuu wangu kwamba hajapata kuona ua safi kama ule. Mkuu wangu hakucheka. Aliniambia nianze upya.

Nikaanza upya, lakini mpaka karatasi za ruhusa zirudi kutoka kila ofisi zilikopita, kusi ilikuwa imekwisha. Kaskazi ilivuma, na moshi wote ukaenda upande wa bahari. Siku thelathini zilipotimia, ndani ya bakuli mlikuwa na vumbi la kumchafua nzi mguu mmoja. Nilimwambia mkuu kwamba upepo umegeuka, tungoje kusi. Akasema kiwanda kimekubali kipimo kimoja tu. Kazi yangu ikawa kuandika, nami nikaandika: kidogo mno. Nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa masomo ya jioni.

Kusi iliporejea shangazi alihamia Mtongwe. Huko kwa bintiye hapakuwa na ua wenye jua la kutosha. Achari ikaishia hapo.

Uhuru ulipokuja nilishangilia mpaka sauti ikanikauka kwa siku nne. Wiki iliyofuata nikaandika barua kwa ofisi mpya. Mkuu wa ofisi hiyo sasa alikuwa mtu wetu, tuliyekaa naye dawati moja jioni zile. Nikamwomba apime upya Jomvu Kuu, wakati wa kusi. Jibu lilikuja kwa heshima zote: jambo hili lilikwisha kuchunguzwa, na aliyechunguza, ndugu yangu, ni wewe mwenyewe.

Nilikwenda Mtongwe kumwamkia shangazi. Alikuwa kitandani, anakohoa, lakini alitaka habari.

"Wale wageni," akaniuliza, "mbona hawakurudi tena? Kuna kitu hakikuwapendeza?"

Mimi, mtoa hotuba, nikamwambia, "La, shangazi. Walipendezwa na kila kitu."