Daktari wa Macho

Pale studio tunamwita Daktari wa Macho, maana ukipigwa picha umefumba, yeye ndiye anakufumbua. Kazi yote iko kwenye kalamu na kibao chake cheusi cha kuchorea kwenye kompyuta: akigusa kidogo, mstari kwenye skrini unatoka mwembamba kama unywele, akikandamiza, unanenepa. Sasa yeye hakandamizi kabisa. Nilishamwambia hata mbu anatua kwa kishindo kumshinda. Hacheki huyo. Anapuliza ncha ya kalamu, anaendelea.

Juzi mchana dada mmoja alileta picha pekee ya marehemu baba yake, na mzee kafumba macho. “Nataka aniangalie,” akasema. Daktari hakuuliza rangi wala umbo. Aliuliza, “Alikuwa anakushikaje mkono?” Dada akasema, “Kwa nguvu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.” “Basi nishike hivyo hivyo hapa.” Dada akambana kifundo cha mkono, na mistari ikaanza kunenepa. Nilitaka kuwatania kama wanafunga ndoa, nikaghairi: jicho la kwanza lilikuwa limeshafunguka, na dada alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, mikono yote miwili mdomoni. Mistari bado ilikuwa inatoka minene.

“Punguza kidogo dada, unaniumiza,” Daktari akasema bila kugeuka.

“Nimeshakuachia kitambo, kaka.”

Kalamu ikasimama. Kisha, kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema, “Basi punguza kidogo, mzee,” akaanza jicho la pili.