Wanyama Wanono wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane. Wanyama wa mbao alianza kuwakata macho yalipomgomea, akawa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Naandika haya wiki tatu baada ya kumzika, Mungu ampumzishe pema, na kila ninapokaa kumlilia najikuta nashukuru.

Msumeno alipewa na jirani yetu seremala, ambaye suruali zake zote Shangazi alizitia viraka bila kununa. Ni msumeno wa umeme wa kuweka mezani. Ubapa wake ni mwembamba kama njiti ya kiberiti, unapanda na kushuka mahali pamoja, na anayekata ndiye anayeusogeza ubao. Shangazi aliutazama ukifanya kazi, akacheka.

"Mbona hii ni cherehani iliyoota meno."

Akauweka karibu na dirisha la chumba chake, mahali ilipokuwa cherehani. Kila alipokata, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, ukitafuta pedali isiyokuwepo.

Wanyama wake walikuwa wadogo wa kukaa kiganjani: twiga, kiboko, mbuzi, paka. Wote walikuwa wanene. Seremala hakupita mlangoni bila kumchokoza.

"Dada, huyu ni twiga au ni pipa lenye shingo?"

"Huyo ameshiba. Wa nyumbani kwako ndio wanaoshinda njaa."

"Na paka je, ana mimba?"

"Muulize mwenyewe. Mimi mambo ya watu siyaingilii."

Mwaka huu wodi ya watoto ya hospitali yetu ilipakwa rangi upya, na muuguzi mkuu akamwomba Shangazi wanyama thelathini na wawili, wa kuning'inizwa kwa uzi, mmoja kichwani pa kila kitanda. Shangazi alimwambia, "Hesabu umeshawapata." Aliugua siku nne tu. Alipofariki, ishirini na watatu walikuwa tayari. Tisa waliobaki alikuwa amewachora kwa penseli juu ya ubao mmoja wa plaiwudi, na wodi ilikuwa inafunguliwa siku kumi baada ya mazishi.

Muuguzi alipokuja kutupa pole aliniambia nisijisumbue, waliopo wanatosha. Lakini nilipovifikiria vile vitanda tisa vitupu, moyo ulikataa. Shangazi hakuwahi kumwahidi mtu nguo ikachelewa, na sikutaka hili liwe la kwanza, tena yeye hayupo kujieleza.

Kazi yangu siku zote ilikuwa kupiga msasa. Kukata nilikuwa nimejaribu vipande vya mazoezi tu. Nilisali, nikawasha msumeno, nikaanza na mbuzi. Niliufuata mstari wa penseli kwa uangalifu mkubwa, sikutoka nje hata kidogo, nikajisifu moyoni. Nilipompiga msasa, mguu ukakatika. Nikakata korongo, naye akavunjika miguu yote miwili. Twiga alibaki kiwiliwili, shingo ikaangukia mapajani mwangu. Plaiwudi nyingine kama ile haikuwepo. Nilikaa nikalia, unga wa mbao umenijaa kwenye kilemba.

Seremala alinikuta hivyo. Alichukua mbuzi mmoja aliyekatwa na Shangazi, akamlaza juu ya karatasi ya mchoro ambayo Shangazi aliitumia kuwachora mbuzi wake wote. Mbuzi alizidi mchoro pande zote, kwa upana wa punje ya mchele.

"Umekata juu ya mstari," akasema.

"Si ndiyo kazi ya mstari?"

"Kwangu mimi, ndiyo. Shangazi yako alikuwa fundi nguo, mwanangu. Nguo ukiikata juu ya chaki, utashona nini? Mkono wake ulikuwa unajiachia nafasi ya mshono wenyewe. Miaka minne namwambia mbao haishonwi, ananijibu nikashone madirisha yangu."

Alicheka, kisha akageuka kutazama nje.

Mimi nilikuwa nimeikumbuka sketi yangu ya shule. Sketi moja ilinivusha kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa sababu Shangazi aliikunjia ndani kitambaa kingi, na kila mwaka alikifungua kidogo. Ilikuwa na alama tatu za pindo za zamani, na mimi nilikuwa nazifunika kwa daftari nisichekwe. Sikuwahi kumshukuru kwa ile sketi. Namshukuru Mungu kwamba hata sasa nimepewa nafasi.

Nikarudi kwenye msumeno, nikakata nje ya mstari. Sita waliobaki wakatoka wanono, wazima, miguu imara. Kufidia watatu niliowaharibu, nilitafuta mapengo kati ya michoro, nikapata pa kutosha vifaranga watatu. Niliwachora wamekaa, ili nisihangaike tena na miguu. Katikati ya kifaranga wa pili nikagundua kwamba mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu.

Siku ya kufungua wodi nilipita kitanda kwa kitanda. Kitanda cha mwisho kilikuwa cha mtoto wa kike aliyefungwa bandeji mkono mzima. Alimkagua kifaranga wake kwa makini.

"Mbona mnene hivi?"

"Ameshiba."

Akafikiri kidogo, akaona ni jibu la haki. Nikaufunga uzi mara mbili kwenye chuma cha kitanda, nikauacha mrefu zaidi ya ilivyohitajika, ili akitaka kumshusha acheze naye, amfikie.