Chemchemi Iliyofungiwa Ndani ya Mpaka

Hapana, Bwana Misitu, huo sio ushirikina. Nilimwambia hivyo leo mchana ofisini, na naandika tena hapa kwa sababu hakuniacha nimalize. Alinisukumia ramani ya mpaka wa msitu. "Bibi Misitu, saini. Si wewe uliyechora mpaka? Au siku hizi umekuwa mganga?"

Wenzangu wakacheka. Sikusaini.

Nyie mtakaoingia kazi hii, sikieni nilivyofundishwa. Nilianza nikiwa nimetoka Kidato cha Nne, mkataba wa muda, buti kubwa kuliko miguu. Siku ya kwanza nilionyeshwa kupima unene wa mti: utepe unazungushwa usawa wa kifua, sio chini shina lilipovimba. Mkubwa wangu wa kwanza, sasa kastaafu, alisema, "Binti, msitu ni ghala la taifa. Tunahesabu tujue tutatoa nini." Kwake mti una thamani kwa sababu mtu anauhitaji. Sawa. Lakini soko huria lilipofika, kila mwenye leseni na msumeno akawa ndiye huyo mtu. Ghala likakosa mlango.

Akaja huyu Bwana Misitu wa sasa na hoja nyingine: msitu una haki yake wenyewe, hata binadamu wote tukifa. Hiyo niliipenda mno. Nikapanda milima ya Uluguru na kopo la rangi nyekundu, alama kila hatua hamsini, watu nje, miti ndani. Chemchemi inayonywesha mashamba ya bondeni nayo nikaiweka ndani. Nikajiona nimeiokoa.

Mwezi uliopita nilirudi kukagua, nikakuta imeziba kwa majani yaliyooza. Mashamba ya mboga huko chini yameanza kunyauka. Nje ya mpaka alikaa Mama Felista, mkubwa wa wanawake wa ukoo wa hapo, fagio mapajani.

"Shikamoo mama. Mbona hamfagii?"

"Marahaba. Tufagie vipi na wewe umetufungia? Kila mwaka kabla ya kupanda tunaingia pekupeku, tunatoa majani, tunazibua jicho la maji. Safari hii mgambo katufukuza. Haya, mwambie huyo msitu wako mwenye haki ashike fagio!"

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Nikamchokoza: "Kwa hiyo maji ni ya ukoo wenu tu? Na mgeni aliyehamia juzi?"

"Mgeni akifagia, anachota. Mtoto wetu asipofagia, tunamnyima ndoo. Hapa kuna zamu, mwanangu, wala hatuulizani kabila."

Hoja hiyo sikuwahi kuisikia ofisini: kwamba mtu anakuwa wa msitu kwa kuutunza. Nayo ina upungufu, nakubali. Zamu ya kina mama haitamzuia mwenye lori na msumeno, ndiyo maana mpaka bado nautaka. Ila upite upande wa juu wa chemchemi, yenyewe ibaki nje kwa kina mama. Hilo tu ndilo nililoomba leo. Bwana Misitu aliposikia habari ya pekupeku akaita ushirikina, akanipa hadi kesho saa nne: saini, au mkataba wangu basi.

Na wale wanaoniambia nitulie kwa kuwa nina miaka ishirini na mitano tu, nawaambia: mashamba yanakauka kwa mkono wangu, nitulie vipi?

Kesho ni siku ya soko. Alfajiri nitawangoja kina mama barabara ya mlimani inapoingia mjini, niwaombe wapitie ofisini na matenga yao ya mboga kichwani. Ramani ataisoma Mama Felista kwanza. Kalamu yangu naiacha nyumbani.