Mwanamke wa Tatu Apiga Magoti

Kila tamthilia ya wavulana wawili wapendanao inayopigwa hapa Bangkok lazima iwe na mwanamke wa kuchukiwa. Huingia kipindi cha tatu akiwa na viatu virefu na midomo myekundu, akadai yule kijana ni mchumba wake, akachochea fitina vipindi vinne, kisha akatokomea bila mtu kuuliza amekwenda wapi. Nayajua haya kwa sababu midomo hiyo naipaka mimi. Kwa miaka kumi na moja nimewapamba wanawake hao, na hakuna niliyempenda kama Waen, aliyeiacha kazi hii mwaka jana.

Waen alikuwa binti wa Mama Samruay, muuza vitumbua vya nazi katika soko la Phetchaburi. Aliigiza wanawake hao mara tano, naye mwenyewe hakuweza hata kumkemea paka aliyemwibia samaki. Matusi yalimiminika kwenye simu yake: nyoka, mnafiki, mwizi wa wapenzi. Na waliomtukana walikuwa wanawake wenzake, wengine watu wazima wenye mabinti wa umri wake. Hilo lilikuwa likinitia hasira.

Yeye hakujali, kwa sababu ya mama yake. Mama Samruay alitazama kila kipindi, na mteja akileta maneno pale kibandani alijibiwa papo hapo: "Si kazi yake hiyo? Ukimchukia maana yake anaijua. Chukua vitumbua vyako unipishe."

"Dada Rabiab," Waen aliwahi kuniambia nikimfuta rangi, "watu wote wanione shetani, sina neno. Mama ananijua."

Mwezi wa nne, joto limepamba moto, Thanwa, mmoja wa wale vijana wawili wa tamthilia, alizimia tukiwa kazini. Waen alikuwa karibu. Akakaa chini, akakilaza kichwa cha kijana mapajani pake, akampangusa uso kwa kitambaa cha maji. Mtu akawapiga picha, akaisambaza.

Sasa, wapenzi wa tamthilia hizi huamini kwamba wale vijana wawili wanapendana hata kamera ikizimwa, na kampuni huwaacha waamini, kwani ndiyo biashara yenyewe. Kabla ya saa sita mchana simu zilikuwa zimewaka moto. Mwanamke wa kwenye tamthilia, walisema, anamnyemelea Thanwa kweli.

Bibi Prani wa ofisini akamwita Waen. Mimi nilikuwepo, nimeshika sanduku langu la vipodozi.

"Utaomba radhi kesho, mbele ya kamera."

"Nimekosa nini, bibi?"

"Nani kasema umekosa? Usinichoshe, mtoto. Unapiga magoti, unashika shada la asumini la kuombea radhi, unalia kidogo. Wakitulia, tunaendelea na kazi."

Ndivyo tulivyo. Katika kazi yetu shada huletwa ili kelele ziishe, na aliyelibeba huenda ndiye asiye na kosa kuliko wote chumbani. Tunalijua sote, na hatulisemi nje. Waen akakubali.

Nikaagizwa nimwondoe rangi usoni na kumwekea weusi kidogo chini ya macho, aonekane hajalala kwa majuto. Nilifanya. Tena nilifanya vizuri, na mpaka leo najilaumu. Thanwa aliketi pembeni akitazama viatu vyake, maana naye alikuwa ameambiwa anyamaze. Waen akainamisha kichwa mpaka paji likagusa sakafu, akasema, "Mimi, Waen, nimewaumiza. Naomba mnisamehe." Kelele zikaisha siku ileile.

Jumapili nilimsindikiza Phetchaburi. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Tulimkuta Mama Samruay nyumbani, amevaa nguo nyeupe za hekaluni, macho yamevimba. Alikuwa amezunguka kwa wauzaji wote wa safu yake, kila mmoja na shada lake, akiwaomba radhi kwa niaba ya mwanawe.

"Mama, ile ilikuwa kazi tu," Waen alisema.

"Tamthilia ni kazi. Hilo nalijua kabla yako, nimewajibu watu miaka mitatu hapa. Lakini juzi hukuitwa jina la mtu mwingine. Umesema Waen. Jina nililokupa mimi."

"Waliniambia niseme hivyo."

"Tangu mdogo nilikufundisha nini? Ukikosa, chukua shada, piga magoti. Kama hukukosa, usimpigie mtu magoti hata akikuchapa. Nimekufundisha, sikukufundisha?"

"Ulinifundisha, mama."

"Basi."

Nikaingilia. "Mama, hata yale macho nilimpaka mimi. Hakufanya lolote. Kijana alizimia, akamsaidia."

Alinitazama kwa upole. "Wewe ni rafiki mwema, mwanangu. Ni lazima umtetee."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa na hasira hata chembe. Angegomba, tungegombana naye, na huenda ukweli ungepata pa kupenyea. Yeye alikuwa amekwisha kulia peke yake na kumaliza. Akamkalisha Waen miguuni pake, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Nimekusamehe," alisema. "Kijana mzuri, nawe u mpweke huko mjini, naelewa. Usimrudie tu."

Waen akafumbua mdomo. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akaona jinsi alivyochoka. Kisha akaunganisha viganja, akainama mpaka chini, kama alivyofanya mbele ya kamera.

"Ahsante, mama."

Hapo ndipo alipolia, na safari hii hakuna aliyemwagiza. Mama yake akawa anampapasa mgongo polepole, uso umemtulia, amefarijika kuona kwamba mwanawe anajuta kweli.