Nilivyowasemea Wenzangu Mkutanoni

Asubuhi moja nilitoka Ilala bila mpango, nikaajiriwa kubeba magunia katika duka la ushirika Kariakoo. Wiki nzima wenzangu walinung'unika kwamba meneja anawauzia rafiki zake sukari kwa mlango wa nyuma, huku wananchi wakiungua na jua kwenye foleni.

"Wewe kijana huna mke wala mtoto, tusemee," alinisihi Mzee Chande, mpima sukari. Nami, bwege, nikakubali!

Mkutanoni meneja akatabasamu. "Ndugu zangu, hapa hakuna bwana wala mtwana. Nikosoeni."

Nikasimama, nikamwaga yote. "Hata wenzangu wamechoka!"

"Wenzako akina nani? Wanyooshe mikono."

Nikageuka. Mikono yote ilikuwa mapajani. Mzee Chande, mnafiki yule, akainuka kwa heshima.

"Ndugu Meneja, huyu hata jina lake hatulijui."